Bonde Lisilo na Watu

Herufi ndizo zilizomsaliti mchoraji.

Mkewe alifika bondeni asubuhi na mundu begani, kama alivyofanya miaka yote, akakuta uzio. Uzio mpya wa waya unaong'aa, umesimama pale ambapo juzi palikuwa na njia tu na nyasi zilizolala kwa kukanyagwa. Kwenye waya kumetundikwa kibao cheupe chenye maneno mekundu: HIFADHI YA BONDE. WAVAMIZI WASIINGIE.

Nyuma yake walisimama wanawake kumi na sita, kila mmoja na mundu wake na kamba yake ya kufungia mzigo. Wao walimwita Kamanda, kwa sababu ndiye aliyetangulia matopeni na fimbo kupima kina, na akisema hapa tunapita, walipita. Mmoja wao, ambaye shule aliiona kwa nje, akauliza, "Kimeandikwaje?"

Kamanda alisogea karibu na kibao. Alikuwa anaitazama ile H. Mguu wake wa kulia ulimalizikia na kamkia kadogo kamepinda kwenda juu, kama mkia wa paka anayedai chakula. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu anayeandika H ya namna hiyo, na Kamanda alikuwa amemwacha kitandani muda mfupi uliopita, anakoroma.

"Kimeandikwa tusiingie," alisema mwishowe.

"Nani kasema?"

"Mume wangu."

Wakaufuata uzio. Vibao kumi na viwili, na kila H ina kamkia kake. Mwisho wa uzio palikuwa na geti, kwenye geti kufuli, na pembeni ya kufuli mlinzi aliyevaa koti refu kuliko yeye. Walimfahamu, mwaka jana aliwakopa jamvi la kuzibia paa la banda la kuku.

"Mama zangu, shikamooni," alisema mlinzi. "Nimeajiriwa juzi tu. Nimeambiwa nikiona mvamizi nipulize filimbi."

"Umeona mvamizi?" Kamanda akauliza.

Mlinzi akawatazama wote kumi na saba, akahesabu kwa midomo kimya kimya. "Nimewaona nyinyi."

"Basi puliza, usije ukafukuzwa kazi kwa ajili yetu."

Akapuliza. Ilitoka sauti ndogo, ya adabu, kama ya mtu anayekohoa msibani. "Samahanini sana," akasema, akaiweka filimbi mfukoni.

Ng'ambo ya waya mafunjo yalikuwa yamekomaa, marefu, vichwa vyake vimefumuka kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Yakikomaa hivyo yana siku kumi, kumi na mbili. Baada ya hapo shina linakuwa la njano, likikauka linavunjika badala ya kupinda, na jamvi la shina bovu hata mbuzi anakataa kulilalia.

*

Nyumbani mchoraji alikuwa uani anakunywa chai, na karibu naye mama mkwe wake ameketi sakafuni anashona jamvi. Mtaani mchoraji aliitwa Brashi. Mama mkwe aliitwa Bibi, na watu wote, hata wenye umri wake.

"Umerudi mapema," Brashi akasema.

"Nimesoma kibao nikarudi."

Brashi akashusha kikombe. "Ah! Vimeshatundikwa? Vimependeza?"

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia Brashi nyumba yake inaungua, atakuuliza moshi una rangi gani.

"Vimependeza mno," Kamanda akasema. "Tumevisoma wote kumi na saba mpaka tumepulizwa filimbi. Baba watoto, wavamizi ni nani?"

"Si wale wa malori! Wale waliokuwa wanamwaga kifusi bondeni." Brashi akasimama, kwa sababu jambo hili lilimgusa kweli. Yeye ndiye aliyelala chini mbele ya lori la kifusi mwaka juzi, akang'ang'ania pale mpaka dereva akachoka kupiga honi akarudi alikotoka. Tangu hapo Kamati ya Kuhifadhi Bonde ilimpenda, na yeye akaipenda Kamati, akaichorea kila kitu bure. "Wavamizi ni wale. Nyinyi ni... nyinyi ni nyinyi."

"Kamwambie mlinzi kwamba sisi ni sisi."

Bibi hakuinua macho kwenye jamvi lake. "Kitendawili," akasema.

"Mama, siyo sasa," Kamanda akasema.

"Kitendawili!"

"Haya, tega," Brashi akasema haraka. Afadhali kitendawili kuliko yale macho ya mkewe.

"Kumi na saba wameingia ndani. Aliyesimama mlangoni anasema nyumba ni tupu."

Brashi akafikiri. Akafikiri tena. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua huu tunaokaa."

"Huu nimeuchoka, lakini nitaupokea. Jibu ni picha yako, mkwe wangu."

Brashi akaketi.

Picha hiyo ilijulikana na wote. Ilikuwa kubwa kama mlango, na ilining'inia kwenye ukumbi wa Kamati. Wiki tatu nzima Brashi alikaa ukingoni na turubai yake akichora bonde, na wiki tatu nzima wanawake kumi na saba walikuwa mbele yake majini wanakata mafunjo. Aliwasihi wasogee, wanamzibia mwanga. Wakasogea. Akawaomba wasogee tena. Picha ilipokwisha ilikuwa na maji, na ukungu, na ndege mweupe kwenye mguu mmoja, na mafunjo ungesema utayasikia yakinong'ona. Bibi aliizunguka, akauliza, "Sisi tuko wapi?" Brashi akajibu bila kupepesa, "Mpo, Bibi. Mko nyuma ya mafunjo. Ila hamuonekani."

Ukweli ni kwamba Brashi hakujua kuchora watu. Ng'ombe alimchora akaonekana ng'ombe, embe ukalitamani, lakini mtu akipita kwenye brashi yake alitoka kama chungu chenye masikio. Kinyozi wa njia panda alimpa kazi ya kuchora vichwa vinne ukutani kwa ajili ya biashara. Vilipokauka, wateja wakaanza kumwendea kinyozi mwingine. Siku hizi pale ukutani pana mkasi na kitana tu. Brashi aliificha aibu hiyo kama mtu anavyoficha kiraka, na akiulizwa, alisema sanaa yake ni ya mandhari.

*

Walikwenda ofisini kwa Kamati wote wawili, Brashi akiwa amevaa shati la kupigwa pasi.

"Msanii wetu!" Katibu aliinuka, akamvutia Brashi kiti. Alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye kompyuta ya mapajani na maneno ya mikutanoni. Kamanda akabaki amesimama. Kiti cha pili kilikuwapo, lakini kilikuwa kimekaliwa na mafaili.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka kuingia bondeni kukata mafunjo."

Katibu akasikitika kwa dhati. "Mama yangu, bonde sasa ni hifadhi. Na mchakato ulikuwa shirikishi kabisa."

"Mlimshirikisha nani?"

"Wadau."

"Mdau ndiye nani?"

"Mtu yeyote anayeguswa na bonde."

"Mimi linanigusa mpaka kiunoni," Kamanda akasema. "Siku ya mvua, mpaka kwapani."

Brashi akacheka, kisha akaona hakupaswa kucheka.

Katibu akafungua kitabu kinene chenye jalada la kijani. Ndiyo ripoti. Jumamosi, akaeleza, mgeni rasmi atakuja kuitia saini, na ikishatiwa saini, mpango wa hifadhi unaanza, miaka kumi. Ripoti ingewaruhusu watumiaji wa asili wa bonde waendelee, kwa kibali, bila shida yoyote. "Tatizo ni kwamba watumiaji wa asili hawapo." Akasoma kwa kidole: "Bonde halina shughuli zozote za kibinadamu."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mtaalamu."

"Alishuka bondeni?"

"Alikuja, ila siku ile kulikuwa na matope."

"Bondeni?"

"Ndiyo, mama."

"Bonde lina matope kila siku, binti yangu. Ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo," Katibu akasema, sauti ikipungua, "alitumia chanzo mbadala." Na kwa kalamu yake akaonyesha mlango ulio wazi wa ukumbi, ambako ukutani palikuwa na maji, na ukungu, na ndege mweupe kwenye mguu mmoja.

Kamanda aliitazama picha. Kisha akainua macho, labda kwa kuomba subira, akakutana na dari. Dari ya ofisi ilikuwa ya majamvi. Akalitambua shono lake mwenyewe, na kwenye kona akaona lile fundo la mara mbili ambalo Bibi peke yake ndiye anayelifunga.

"Hilo lililo juu ya kichwa chako limetoka wapi?"

Katibu akatazama juu. "Hilo? Mapambo ya asili. Tulinunua kwa mzabuni."

"Mzabuni aliyatoa wapi?"

Katibu akatazama juu tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho hana hakika nacho. Akamgeukia Brashi kwa kuomba msaada. "Msanii, wewe si ulichora ulichokiona?"

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya Brashi. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini wakati huohuo Mwenyekiti wa Kamati alichungulia mlangoni, mtu mnene mchangamfu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye uzio wote wa bonde aliiuzia Kamati kutoka dukani kwake, kwa bei, alivyosema mwenyewe, ya kizalendo.

"Balozi wetu!" Mwenyekiti akanguruma. "Cheti chako kimeshachapishwa. Balozi wa Bonde! Jumamosi utasimama kando ya picha yako, mgeni rasmi atakupa mkono. Ile picha ndiyo iliyotubeba, ndugu yangu. Bonde safi! Bonde bila bughudha ya watu!"

"Msanii?" Katibu akakumbusha. "Ulichora ulichokiona?"

Brashi akalinyoosha shati lake. "Nilichora," akasema, "kwa jicho la sanaa."

Kamanda aligeuka. Alitoka, akatembea mbele njia nzima, na Brashi nyuma yake akiwa hatua kumi, shati limeanza kulowa mgongoni.

*

Mchana huo Bibi alipakua maharage. Sahani ya Kamanda, sahani yake, na sahani ya binti yao aliyerudi kutoka shule. Wakala. Brashi alinawa mikono, akakaa, akangoja, akakohoa.

"Bibi, mimi je?"

"Sahani yako ipo, mkwe wangu," Bibi akasema kwa upole mkubwa. "Iko nyuma ya sufuria. Ila haionekani."

Binti alicheka mpaka maharage yakampalia. Brashi alitazama nyuma ya sufuria. Hakukuwa na kitu.

"Sawa," akasema. "Nimelikosea bonde."

"Bonde hujalikosea," Kamanda akasema. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Bonde umelipenda vizuri. Umelilalia lori. Umekaa wiki tatu unalitazama, ukaona mpaka unyoya wa ndege. Mimi nilikuwa hatua ishirini mbele yako. Nimekuwa nini mimi, moshi?"

"Mama watoto, si kwamba sikukuona."

"Ila?"

Brashi akatazama mikono yake yenye madoa ya rangi. Mbele ya mkewe, mbele ya mama mkwe, mbele ya mtoto, akakisema kile kiraka. "Sijui kuchora watu. Sijawahi kujua. Mtu akinishinda namtoa."

Binti akaacha kula.

"Kumbe ni hilo tu," Bibi akasema. "Mimi nilifikiri unaringa." Akanyanyuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akachukua sahani kutoka rafu ya juu, akampakulia.

"Mgeni anakuja Jumamosi," Kamanda akasema. "Leo Jumatano. Akitia saini, miaka kumi. Mafunjo yatazeeka pale pale, na sisi tutazeekea huku. Hutaki kusema kwa mdomo, sawa, mdomo wako naujua. Tutie kwenye picha."

"Nitawachora mfanane na vyungu!"

"Afadhali chungu kilichopo."

*

Alhamisi nzima Brashi alijaribu. Wanawake walikuja uani, walikuwa hawana kazi nyingine, wakasimama kwa zamu mbele yake wakiwa wamejipaka mafuta usoni. Wa kwanza alipoona alivyochorwa, alijigusa pua kuhakikisha. Wa pili aliuliza kama yule ni yeye au ni birika. Wa tatu akasema ana deni na mtu, hivyo anaiomba hiyo picha, mdai akija hatamtambua. Walicheka mpaka majirani wakaja ukutani. Brashi alichana karatasi, akafuta, akachora tena, na kila uso ulimtazama kwa macho ya samaki.

"Mkwe wangu," Bibi akasema kutoka kwenye jamvi lake, "nina swali. Unachora nini?"

"Nyuso, Bibi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini tena? Mtu ni uso."

"Huyo ni mtu wa kwenu wachoraji. Mimi nimekata mafunjo miaka arobaini. Nikiwa kazini nani aliuona uso wangu? Vyura." Akaweka sindano chini. "Shina linakatwa chini, kwenye maji, kwa kulaza mundu hivi, machipukizi ya pembeni yasiguswe. Huwezi kulikata umesimama kama unapigwa picha ya kitambulisho. Tunainama. Ukingoni ulipokuwa umekaa wewe, ulikuwa unaona nini?"

Brashi alichukua karatasi mpya. Kisha akamwambia mkewe, "Inama."

"Hapa?"

"Hapa. Kata."

Kamanda akaushika mundu, akainama, akakata mafunjo ya hewani. Brashi ya rangi ikaanza kutembea, polepole, kisha haraka. Alijua kuchora kilima, na alijua kuchora tawi lililolemewa. Mgongo haukuwa mbali na vitu hivyo.

"Mwingine," akasema. "Na mwingine."

Hakuna aliyecheka tena. Hadi jua linapungua ukali alikuwa na migongo kumi na saba.

Ijumaa alikwenda ukumbini na mikebe kwenye kikapu. Katibu alimkuta anapanda ngazi.

"Unafanya nini, msanii?"

"Vanishi," Brashi akasema. "Picha bila vanishi inakufa."

Katibu aliitazama mikebe ya rangi, ya kahawia, ya nyekundu, ya bluu ya gauni. Akageuka akatazama, kupitia mlango ulio wazi, dari ya majamvi ya ofisini. "Nitafunga mlango," akasema, "ili vumbi lisiingie." Naye akaufunga, yeye akiwa nje.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tangazo lilisema wananchi wote mnakaribishwa, basi wanawake kumi na saba walikaribia. Viti vilikuwa vya wenye kadi. Wakasimama nyuma kabisa, wameegemea ukuta, na Bibi, aliyekuja nao, akaletewa ndoo akaketi.

Picha ilikuwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe. Mbele ya picha palikuwa na meza, ripoti ya kijani, kalamu, na Mheshimiwa mgeni rasmi, mtu wa haraka aliyetazama saa kila mara, na kati ya saa na saa akatazama upande ambao harufu ya chakula ilikuwa ikitokea. Wapiga picha wawili wa magazeti walikuwa wamepiga goti.

Mwenyekiti akavuta kitambaa bila kugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa amezoea kuitazama hadhira. "Mheshimiwa!" akasema. "Tazama bonde letu! Halijaguswa na mkono wa binadamu!"

Mtu mmoja katikati ya ukumbi akacheka. Kisha wa pili. Mwenyekiti akadhani anapendwa. "Hakuna nyayo! Hakuna bughudha! Ndege na maji tu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akageuka.

Majini, kati ya mafunjo, migongo kumi na saba ilikuwa imeinama. Myekundu, ya bluu, ya kahawia, mmoja wenye kiraka. Ndege mweupe bado alikuwapo kwenye mguu wake mmoja, ila sasa alionekana kama anangoja wapite.

"Hao ni akina nani?" Mheshimiwa akauliza.

"Hao..." Mwenyekiti akapangusa paji la uso. "Hao ni mapambo, Mheshimiwa."

"Aliye mbele ni mke wangu," Brashi akasema.

Alisimama pale alipowekwa asimame, kando ya picha, amevaa shati la kupigwa pasi. "Wengine ni wenzake. Wanakata mafunjo humo kila siku, kama mama zao walivyofanya tangu kabla mimi sijazaliwa. Nilipochora mara ya kwanza walikuwapo. Niliwatoa mimi. Kwa sababu sikujua kuwachora, Mheshimiwa. Sababu nyingine sina."

Watu wakanong'ona. Mheshimiwa akafungua ripoti mahali palipowekwa alama, akasoma, akageuka akatazama picha, akasoma tena. "Hapa pameandikwa hakuna shughuli za kibinadamu." Kisha akawatazama wapiga picha. "Nikitia saini hapa, na ile iko mgongoni kwangu, kesho gazetini nitaonekana nani?"

Wapiga picha wakarekebisha lenzi zao.

"Ni jambo dogo, Mheshimiwa!" Mwenyekiti akaruka. "Msanii yupo, rangi ipo. Kuandika ripoti upya ni miezi mitatu. Kuwafuta hawa ni dakika tano." Akaichomoa brashi kutoka kwenye mkebe ulioachwa pembeni ya ngazi, akamkabidhi Brashi, na kwa sauti ya chini akasema, "Usituaibishe, Balozi. Vibao vyote vya dukani kwangu mwaka huu utaandika wewe. Kwa malipo."

Brashi aliipokea ile brashi. Kule nyuma Kamanda aliacha kuegemea ukuta.

Brashi akaigeuza, akairudisha kwa Mwenyekiti, mpini mbele. "Wafute wewe," akasema. "Mimi nimeshawafuta mara moja, na tangu hapo chakula kinanipita. Anza na huyo wa mbele. Mwenyewe yuko pale nyuma, anatazama."

Mwenyekiti alishika brashi, rangi ya kahawia ikamdondokea kwenye kiatu cheupe. Alitazama picha, akatazama wapiga picha, akatazama nyuma. Hakuanza na mtu.

"Basi tugeuze meza!" akasema. "Mheshimiwa asaini akiwa ametazama upande ule, picha isionekane."

Meza ikageuzwa. Watu wanne waliibeba, na kiti, na ripoti, na maua. Mheshimiwa akaketi upya, akafungua kalamu, akaweka sura ya kutia saini. Mpiga picha mmoja akafunga jicho, akalifungua, akashusha kamera.

"Mheshimiwa," akasema, "huku nako wapo."

Mheshimiwa akageuka. Ukutani, nyuma ya bega lake, walisimama wanawake kumi na saba, na bibi mmoja juu ya ndoo.

Mara hii hata saa hakuitazama. "Nyinyi ndio wale?" akauliza.

"Ndio sisi," Kamanda akasema. "Pale tumekupa mgongo kwa sababu ya kazi. Siyo dharau."

Mheshimiwa akafunga kalamu. "Nitasaini ripoti yenye watu," akasema. "Huyo mtaalamu arudi, ashuke mpaka chini, hawa wamwonyeshe. Hadi siku hiyo geti liwe wazi." Kwa Mwenyekiti akaongeza, "Na chakula kiko wapi?"

Katika kishindo cha viti hakuna aliyekumbuka cheti. Katibu alikipata baadaye chini ya maua, kina alama ya kiatu, akampa Brashi kimya kimya. Ufunguo wa geti alimpa Kamanda.

*

Wageni walipokwenda kula, wanawake walibaki ukumbini. Walitaka kujiona. Wakasogea mpaka pua zikakaribia kugusa rangi, kila mmoja anajitafuta kwa nguo.

"Mimi ndiye huyu mwenye kiraka. Hukuweza kunishonea, angalau kwenye picha?"

"Mimi mnene hivi?"

"Wewe mnene zaidi ya hivyo, amekuonea huruma."

Kisha kelele zikaanza kupungua zenyewe, moja baada ya nyingine. Miaka yote walikuwa wameonana nyuso, njiani, ukingoni, wakati wa chai. Mgongo wake mwenyewe hakuna aliyewahi kuuona.

Kamanda alisimama mbele ya mgongo mwekundu uliotangulia. Ulikuwa umekunjwa kama kitu kilichobebeshwa halafu kikasahauliwa kupakuliwa. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia.

"Huyu mimi?"

"Wewe," Brashi akasema.

"Mbona umenipinda hivi?"

"Sikukupinda. Nimekukuta hivyo."

Alipeleka mkono nyuma, akajigusa kiunoni, akapanda nao juu polepole kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba asichokijua. Kisha akashusha mkono.

"Haya," akasema. "Umeuona. Jumatatu unakuja bondeni."

"Kuchora?"

"Kubeba."

Jumatatu akaja. Mlinzi alimshikia geti na kumsalimia kwa jina la Balozi. Wanawake waliingia majini kwa mstari, Kamanda mbele na fimbo, na mizigo ilipofungwa, ule wa kwanza akawekewa Brashi begani, mbichi, unachuruza maji mpaka kwenye soksi. Katikati ya ukingo aliomba apumzike. Kamanda, aliyekuwa nyuma yake na mzigo mkubwa zaidi, alimwambia pa kupumzikia ni juu, akamsukuma kwa kichwa cha mafunjo.

Alipanda mara nne siku hiyo. Mara ya nne alitua mzigo, akajaribu kunyooka ili awaambie jambo zuri la kisanii kuhusu mwanga, na mgongo ukakataa. Akabaki vilevile, mikono magotini, anatazama viatu vyake.

"Usisogee," Kamanda akasema, anamzunguka kumtazama vizuri. "Hapo hapo. Ungekuwa na mtu wa kukuchora!"